Ardhi ilikuwa ya nani? Majina ya barabara za Kampala na yalikotoka

Panda bodaboda pale Bulange, Mengo, umwambie kijana akupeleke Kololo. Kama foleni si kubwa, ndani ya nusu saa utakuwa umepita Kabaka Anjagala, Namirembe Road, Ben Kiwanuka, Kampala Road, Speke na Lumumba. Ukifika juu Kololo, utakuta kilima kimoja kimebeba Prince Charles Drive na Malcolm X Avenue. Kabaka (mfalme) wa Buganda, jaji aliyeuawa, mvumbuzi wa Kiingereza, kiongozi wa Kongo, mtoto wa malkia na Mmarekani mweusi aliyepigania haki za watu wake: wote umewapita ukiwa juu ya pikipiki moja.

Ukiwauliza watu majina haya yalikujaje, jibu la haraka ni kwamba Wazungu waliweka yao na Idi Amin akayafuta. Jibu hilo lina nusu ya ukweli. Amin alitawala tangu Januari 1971 hadi Aprili 1979, alifukuza Waasia, akabadilisha hata majina ya maziwa na mbuga, na bado alipoondoka aliacha Lugard, Speke na Colville mahali pao. Majina mengine yaliondoka, mengine yakabaki, na mengine hayajawahi kuwa ya Kizungu hata siku moja. Ili tofauti hizo zieleweke, ni lazima uulize kwanza: barabara hii ilipochongwa, ardhi ilikuwa ya nani?

Njia za kwenda kwa Kabaka

Kabla ya Waingereza, Buganda ilikuwa na mji mkuu uliohama. Kila Kabaka aliweza kujenga ikulu yake kwenye kilima alichokichagua, na mji mzima ukamfuata. Speke alimkuta Muteesa wa Kwanza kilima cha Banda mwaka 1862. Stanley, aliyefika mwaka 1875, aliuona mji huo Rubaga. Mwanga akakaa Mengo. Kitu kilichowashangaza wageni hao ni barabara: pana, zimenyooka, zinapanda kilima na kuvuka bonde la tope bila kuzunguka, na pembeni zimezungushiwa nyua za matete.

Zilikuwa na mpango wake. Chifu wa kila saza, yaani wilaya ya Buganda, alijenga boma lake la mjini kwenye upande unaoelekea saza lake. Ssekiboobo, mkuu wa Kyaggwe, alikaa njia ya kwenda Kyaggwe. Pookino wa Buddu alikaa njia ya Buddu. Mgeni aliyetoka mbali aliingia kwa njia ya kwao na kumkuta mkubwa wa kwao kabla hajafika kwa Kabaka. Barabara ilijulikana kwa inakokwenda.

Mantiki hiyo hatujaiacha. Jinja Road, Entebbe Road, Masaka Road, Hoima Road, Gayaza Road, Bombo Road: ukijua jina umeshajua basi linakokwenda. Hizi ndizo barabara ambazo hakuna serikali iliyohangaika nazo. Gavana alizikuta na faida, marais Obote na Amin hawakuona sababu ya kuzigusa, na leo kondakta anazitumia bila kufikiri. Jina linaloelekeza njia halina mtu wa kulichukia.

Lakini barabara ninayoipenda kuliko zote ni Kabaka Anjagala. Inatoka Bulange, lilipo bunge la Buganda, na kunyooka moja kwa moja hadi lango la Lubiri, ikulu ya Mengo. Jina lake ni maneno ya Luganda, Kabaka ananipenda, na ndilo pia jina la miti iliyopandwa kando yake. Simama pembeni utazame alama za koo za Buganda zilizochongwa na kupangwa njia nzima: mbega, kakakuona, kamongo, senene. Mtoto anayepita kwenda shule anaweza kuutafuta ukoo wa baba yake mpaka aupate. Katikati ya njia kuna mzunguko uitwao Nantawetwa. Magari yote, yawe ya mwananchi au ya waziri, yanauzunguka. Katikati ya mzunguko huo kuna njia yenye mageti, nayo hufunguliwa kwa ajili ya Kabaka peke yake, ambaye desturi haimruhusu kupinda akiwa njiani kwenda ikulu. Sijui mahali pengine mjini ambapo jina la barabara, umbo lake na sheria ya kuitumia vinasema jambo moja namna hii.

Miji miwili iliyopakana

Desemba 1890 Kapteni Frederick Lugard alifika akiwa mtumishi wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki na kujenga ngome kwenye kilima ambacho leo tunakiita Old Kampala. Kilima hicho ndicho kilichokuwa na swala wa Kabaka aina ya impala, na ndiko jina la jiji lilikotoka. Januari 1892 bunduki yake ya Maxim iliamua vita vya Mengo. Mwaka uliofuata Gerald Portal alikuja kuangalia kama serikali ya Uingereza ichukue nchi, ikachukua.

Kisha likaja tukio lililoamua majina kuliko lingine lolote, ingawa halikuhusu majina hata kidogo. Machi 1900, Harry Johnston na watawala walioshika madaraka kwa niaba ya Kabaka mdogo Daudi Chwa, wakiongozwa na Katikiro (waziri mkuu wa Buganda) Apolo Kaggwa, walitia saini Mkataba wa Uganda. Ardhi ya Buganda iligawanywa. Sehemu ikawa mailo, yaani milki ya Kabaka, machifu na watu binafsi, ya kurithisha na kuuza. Sehemu ikawa ya Taji la Uingereza.

Hapo ndipo ilipozaliwa miji miwili inayopakana. Upande mmoja kulikuwa na Kibuga, mji wa Buganda: Mengo, Rubaga, Namirembe na vitongoji vyake, juu ya ardhi ya mailo, chini ya serikali ya Kabaka. Upande wa pili kulikuwa na Kampala ya Waingereza, juu ya ardhi ya Taji: Old Kampala, Nakasero, baadaye Kololo. Waingereza waliipa Kampala yao hadhi ya mji mwaka 1906, ikawa manispaa mwaka 1949 na jiji mwaka 1962. Kibuga hakikuwa ndani yake. Miji hii miwili ilikuja kuunganishwa mwaka 1968 tu, baada ya jeshi la Obote kuivamia Lubiri Mei 1966 na falme kufutwa mwaka 1967.

Ukishajua mpaka huo, ramani inajieleza. Upande wa Kibuga utakuta Namirembe Road, Rubaga Road, Balintuma, Mwanga II Road. Hata pale jina la Mzungu linapotokea, kama Sir Albert Cook Road, ni la daktari aliyeanzisha hospitali ya Mengo na kuishi hapo miaka mingi. Upande wa ardhi ya Taji mwenye mamlaka ya mji alikuwa Mwingereza, na alifanya alichofanya kila mahali: aliwaandika wakubwa wake. Chukua orodha ya makamishna wa kwanza uitembeze Nakasero na katikati ya mji. Portal ana barabara. Colvile, aliyemfuata, ana mtaa, ingawa bango lilimwongezea herufi moja akawa Colville. Ternan, aliyekaimu, ana barabara yake pembeni ya hoteli kubwa ya Nakasero. Johnston, aliyeleta mkataba, naye yupo. Entebbe, iliyokuwa makao ya serikali ya kikoloni hadi uhuru, orodha inarudiwa: Lugard, Portal, Berkeley. Fort Portal ni mji mzima.

Baada ya makamishna wakaja wenye kampuni, kama Mackinnon, na wamisionari kama Mackay na Baskerville. Mwisho ikaja familia ya kifalme. Malkia Elizabeth alifika Aprili 1954 kufungua bwawa la Owen Falls kule Jinja, na Kampala ikapata Mnara wa Saa kwa heshima ya ziara hiyo. Karibu na mnara huo kuna Queen's Way, na Kololo kuna Elizabeth Avenue, Prince Charles Drive na Windsor Crescent. Bugolobi kuna Princess Anne Drive.

Eneo la viwanda halikupewa majina ya watu. Mitaa yake ilihesabiwa tu, First Street mpaka Eighth Street. Walioishi Nakasero na Kololo walipewa magavana na wafalme. Wafanyakazi waliobeba magunia ya kahawa na pamba walipewa namba. Waasia, waliojenga karibu kila duka la katikati ya mji, waliambulia majina machache: Dastur Street mjini, Bandali Rise kule Bugolobi.

Kuna Waganda pia kwenye ardhi ya Taji. Sir Apollo Kaggwa Road ni mfano mzuri, na "Sir" hiyo si ya bure. Kaggwa alikuwa Katikiro kuanzia mwaka 1889 hadi 1926, aliandika historia ya Buganda ambayo mpaka leo tunaitegemea, na pia alitia saini mkataba uliompa yeye na wenzake ardhi kubwa mno huku wakulima wa kawaida wakigeuzwa wapangaji. Sitaki jina lake liondoke. Nataka tu anayelisoma ajue yote mawili.

Uhuru, Amin, na wale waliouawa

Baada ya uhuru majina yalianza kubadilika, lakini si kila mahali. Yalibadilika kwanza pale umati unapopita. Katikati ya mji, kwenye maduka na vituo vya magari, wakaingia Kwame Nkrumah, Gamal Abdel Nasser, Patrice Lumumba na Dedan Kimathi. Bugolobi akaingia Albert Luthuli wa Afrika Kusini, mshindi wa Tuzo ya Amani ya Nobel ya mwaka 1960. Kololo akaingia Malcolm X. Hii ilikuwa Uganda inayojitambulisha kwa dunia: sisi ni wa Afrika hii, ya Ghana, Misri, Kongo na Mlima Kenya.

Kwa watu wa kawaida, Nasser Road si tena jina la rais wa Misri aliyetaifisha Mfereji wa Suez mwaka 1956. Ni mahali pa kuchapisha. Ukiingia tu unasikia harufu ya wino na karatasi mbichi, na sauti za mashine zinatoka kila mlango. Kadi za harusi zinakauka juu ya vitabu vya risiti. Ikifika miaka ya uchaguzi, picha za wagombea wa vyama vinavyopingana hulala rafu moja zikisubiri kuchukuliwa. "Peleka Nasser" maana yake ni peleka kikachapwe. Nkrumah Road iliyo jirani inafanya kazi hiyo hiyo. Sidhani wazee hao wawili wangekasirika kuwekwa kati ya wachapaji.

Siad Barre naye ana barabara, na ina historia yake. Septemba 1972 wapiganaji wa Obote walivuka kutoka Tanzania wakitaka kumpindua Amin, wakashindwa. Vita kati ya nchi mbili ilikuwa mlangoni. Siad Barre wa Somalia akasuluhisha, na Oktoba ya mwaka huo Uganda na Tanzania zikatia saini makubaliano Mogadishu. Amani hiyo ilidumu miaka sita. Leo Siad Barre Avenue iko pale karibu na Ukumbi wa Taifa wa Michezo ya Kuigiza, na Wasomali wengi waliokimbia nchi iliyovunjika baada yake wanaishi Kisenyi, mwendo mfupi kutoka hapo.

Amin alipenda majina makubwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 maporomoko ya Murchison yakawa Kabalega, jina la mfalme wa Bunyoro aliyepigana na Waingereza, mbuga ya Queen Elizabeth ikawa Ruwenzori, na Ziwa Edward likaitwa Ziwa Idi Amin Dada. Yeye alipoanguka, jina lake likatoka ziwani. Maporomoko na mbuga navyo vikarudia majina ya Kiingereza, jambo ambalo mimi huliona kuwa hasara. Kabalega aliondolewa kwa kosa la kuwa alichaguliwa na Amin.

Kisha kuna mitaa miwili ambayo kwangu ndiyo mizito kuliko yote mjini, na iko kwenye msongamano mkubwa kabisa, kati ya vituo vya teksi na maduka ya jumla. Wa kwanza ni Ben Kiwanuka Street. Benedicto Kiwanuka alikuwa waziri mkuu wa kwanza kabla ya uhuru, kisha Jaji Mkuu chini ya Amin. Tarehe 21 Septemba 1972 watu wenye silaha walimchukua Mahakama Kuu, mchana, na hakurudi. Wa pili ni Luwum Street. Janani Luwum, Askofu Mkuu wa Kanisa la Anglikana, aliuawa tarehe 16 Februari 1977 pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi. Serikali ilisema ni ajali ya gari. Tangu mwaka 2015 tarehe hiyo ni sikukuu ya taifa.

Luwum alikuwa Mwacholi kutoka Kitgum. Kiwanuka alikuwa Mganda, Mkatoliki wa Masaka. Makabila na madhehebu ambayo siasa zetu zimeyagombanisha tangu kabla ya uhuru yana mitaa iliyokaribiana, na makondakta wanaita majina hayo kutwa nzima: Ben Kiwanuka, Ben Kiwanuka, Luwum! Wengi wao ni vijana waliozaliwa miaka mingi baada ya 1979. Natamani kila bango liwe na mistari miwili chini ya jina, ili kijana huyo akipumzika kivulini asome alichokuwa anakiita.

Hatimiliki, sanduku la posta na stegi ya boda

Turudi kwenye swali la Lugard na Colville. Kwa nini walidumu?

Sababu moja iko kwenye makaratasi. Kwenye ardhi iliyokuwa ya Taji, viwanja vilipimwa kufuata barabara na kukodishwa kwa miaka maalumu. Hati ya huko inasema ploti namba fulani, barabara fulani. Jina la barabara liko ndani ya hatimiliki yenyewe, benki inalishika, wakili analinukuu, mikataba ya miaka mingi inalitaja. Kubadilisha bango hakubadilishi hati hizo kwa siku moja. Kwenye mailo mambo ni tofauti: hati inasema Kibuga au Kyadondo, kisha namba ya bloku, kisha namba ya ploti. Barabara haitajwi, kwa sababu ardhi ilipimwa kabla ya barabara kuwepo, ikaja kukatwakatwa na warithi, na njia zikapenya baadaye pale mwenye shamba aliporuhusu. Ndiyo maana ukienda Bwaise, Kawempe au Makindye utapita njia nyingi zisizo na jina lolote, na namba za ploti zinaruka kutoka 40 kwenda 612 bila aibu. Namba hizo zilihesabu vipande vya ardhi. Nyumba hazikuwahi kuhesabiwa.

Halafu kuna posta. Uganda barua haikuwahi kuletwa mlangoni; inakwenda kwenye sanduku, na wewe unaifuata. Mtu aliweza kuishi Kampala maisha yake yote, akajenga, akaoa na kusomesha watoto bila kuhitaji jina la barabara yake hata mara moja. Akitakiwa kujitambulisha anakwenda kwa mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, anaandikiwa barua inayotaja kijiji na zoni. Serikali inamjua kwa zoni. Majirani wanamjua kwa stegi ya boda, kanisa, au kituo cha mafuta.

Kwa hiyo watu walijitengenezea majina yao, na hayo ndiyo yenye nguvu. Bat Valley kwenye Bombo Road ilijulikana kwa popo waliojaa mitini. Kikuubo ni uchochoro ulioneemeka mpaka ukawa moyo wa biashara ya jumla. Soko la Owino lilipewa jina rasmi la Mtakatifu Balikuddembe, shahidi wa Uganda, na watu wanaendelea kwenda Owino. Shimoni, katikati kabisa ya jiji, ni jina la Kiswahili lisilohitaji maelezo kwa msomaji wa makala hii. Kuhusu Kololo, inasimuliwa kwamba Rwot Awich wa Payira, mkuu wa Waacholi aliyezuiliwa na Waingereza mbali na kwao, alilia kwa lugha yake kwamba ameachwa peke yake, kololo. Kama hadithi hiyo ni kweli, basi kilima cha wakubwa wa kikoloni kimebeba kilio cha mfungwa wao muda wote huu.

Mfano mzuri wa jina rasmi kushindwa ni Acacia Avenue. Imeitwa John Babiiha Avenue, kwa heshima ya makamu wa rais wa Obote katika serikali yake ya kwanza. Mwambie kijana wa boda:

"Ssebo, nipeleke John Babiiha."

"John nani, mzee wangu? Ni mtu unamtafuta?"

"Barabara. Ile ya Kololo, yenye migahawa."

"Aa, Acacia! Sema Acacia, mzee. Panda."

Babiiha hana kosa. Aliwekwa juu ya jina ambalo halikumuudhi mtu yeyote, jina la mti, na hakuna aliyewaeleza wapitaji kwa nini. Jina jipya linashika pale linapokuja na sababu ambayo watu wanaijua, kama Luwum, au pale kazi inapolishika, kama Nasser.

Leo mambo yanabadilika kwa sababu ya mahitaji ya kila siku. Gari la wagonjwa linalotafuta nyumba Kyebando usiku haliwezi kuongozwa kwa "pita kanisa, uliza kwa mama wa chapati". Anayeleta mzigo uliolipiwa kwa simu anapiga simu mara nne kabla hajakuona. Mamlaka ya Jiji, KCCA, iliyochukua nafasi ya halmashauri ya zamani mwaka 2011, imekuwa ikitoa majina na namba za nyumba mtaa kwa mtaa. Kwa mkazi wa njia isiyo na jina, hili lina uzito kuliko mjadala wa Lugard, na ningependa magazeti yetu yaliandike zaidi.

Amri ya mahakama, na majina yanayosubiri

Mjadala wa Lugard, hata hivyo, umefika mahakamani. Mwaka 2020, wakati sanamu za wakoloni na wafanyabiashara ya watumwa zilipokuwa zikiangushwa Ulaya na Marekani, wakili Apollo Makubuya na wenzake walipeleka bungeni ombi lililotiwa saini na maelfu ya watu, wakitaka majina ya kikoloni yaondolewe. Februari 2025 Mahakama Kuu ya Kampala ikaiamuru KCCA iyaondoe kwenye barabara na maeneo ya umma.

Wanaopinga husema historia haifutwi. Nawaelewa, lakini bango la barabara halifundishi historia. Linatoa heshima. Historia ya Lugard iandikwe kwa urefu vitabuni na makumbusho, ikiwemo ile Maxim ya mwaka 1892. Kilima chenyewe cha Old Kampala kimeshatoa somo: ngome yake ilihamishwa ili kupisha Msikiti wa Taifa, ambao Amin aliuanza na Gaddafi akaumalizia, na kumbukumbu ya Lugard haikupotea.

Ugumu uko kwenye majina yanayokuja. Kakungulu kwa Waganda wengi ni jemadari. Kwa watu wa Teso na Bukedi ni mtu aliyewavamia kwa niaba ya Waingereza. Wanasiasa walio hai watataka nafasi, na hapo ndipo pa kukataa kabisa. Jinja inaweza kutufundisha kitu: Gabula Road na Lubas Road zina majina ya machifu wa Busoga, na kando yake Nizam Road imebaki, ikikumbusha Wahindi waliojenga mji ule. Hakuna aliyelazimika kumfuta mwenzake.

Wanawake ndio waliosahaulika kuliko wote. Kwenye mabango ya Kololo na Bugolobi mwanamke ninayemkuta kirahisi ni Elizabeth na binti yake Anne. Muganzirwazza, mama yake Muteesa wa Kwanza, aliyekuwa na mahakama na watumishi wake kama ilivyo haki ya Nnamasole, yaani mama wa Kabaka, angestahili barabara kubwa. Wanastahili pia wanawake wa soko la Owino, ambao wamelilisha jiji hili kupitia kila serikali iliyopita.

Na kama ningeulizwa jina moja tu, ningechagua la kuchukua nafasi ya Colville. Desemba 1893 Henry Colvile aliongoza jeshi la Wanubi na maelfu ya Waganda kuivamia Bunyoro. Kabalega, Omukama (mfalme) wake, alipigana porini miaka zaidi ya mitano, mpaka alipokamatwa Aprili 1899 pamoja na Mwanga mwenyewe, aliyekuwa adui yake wa zamani, na wote wawili wakapelekwa Shelisheli. Mwanga alifia huko mwaka 1903. Kabalega aliruhusiwa kurudi mwaka 1923, akafia Jinja kabla hajafika nyumbani. Masaza aliyopokonywa yalipewa Buganda, na ugomvi wake ulihitaji kura ya maoni ya mwaka 1964. Mtaa wa Kabalega katikati ya Kampala, juu ya bango lililokuwa la Colvile, hautakuwa jambo rahisi kwa Mganda wala kwa Mnyoro, na ningependa wote wawili waitwe siku ya kulipandisha.